Mti Gani? Vinyago vya Wamunyu kwa Kijerumani

Kwa Kijerumani, mchongaji wa mbao na kosa la kizembe huitwa kwa neno moja: Schnitzer. Anayechonga ni Schnitzer. Na mfasiri aliyepitiwa akaandika kilo mahali pa gramu, naye kafanya Schnitzer. Ni neno la kisu kilichoteleza. Wachongaji wa Wamunyu wanaijua maana hiyo bila kusoma Kijerumani. Shingo ya twiga ikishaliwa na tezo kupita kipimo hairudi. Mti huo sasa utakuwa mpini wa kijiko, au kuni.

Wamunyu ni soko dogo katika kaunti ndogo ya Mwala, Machakos, kwenye barabara ya kwenda Kitui. Katika nchi ya Wakamba ndiko chimbuko la vinyago vya kuuza, na masimulizi yote yanarudi kwa mtu mmoja, Mutisya wa Munge. Wakamba walikuwa tayari mafundi wa vigoda, vijiko na mipini. Ila Mutisya alichukuliwa na jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akapelekwa Tanganyika, ambayo siku hizo ilikuwa koloni la Wajerumani, na huko akawaona watu wakichonga sanamu. Wengine husema walikuwa Wamakonde, wengine Wazaramo. Aliporudi nyumbani alianza kuchonga za kwake, akawafundisha wanawe na majirani, na kufikia miaka ya 1950 vinyago vya Wakamba vilikuwa vikiuzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo.

Mjerumani yumo katika habari hii tangu mwanzo, basi. Alikuwemo hata kabla ya Mutisya. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa kusini mwa Ujerumani, aliingia Ukambani mwaka 1849 akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, na Desemba mwaka huo akauona mlima wenye theluji. Jina lake aliliandika kama alivyolisikia kwa wenyeji wake, na mpaka leo Wajerumani huandika Kenia, kwa i. Waswahili nao walipokea hela kutoka sarafu ya Kijerumani, Heller, na shule kutoka Schule. Lugha hizi mbili zimewahi kufanya biashara bila Kiingereza kukaa katikati.

Siku hizi Kiingereza kimekaa katikati, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Fuata safari ya bakuli moja la saladi. Uani Wamunyu linazungumzwa kwa Kikamba. Dalali anayelibeba kwenda Nairobi au Mombasa analitaja kwa Kiswahili. Kwenye ankara na katalogi linageuka Kiingereza, na hicho si Kiingereza cha mtu na jirani yake bali kile cha kuuzia: "authentic", "eco-friendly", "ethically sourced", "handcrafted by local artisans". Mwisho, mtu aliyekaa Hamburg au Nairobi anaombwa ayatie maneno hayo katika Kijerumani ili yabandikwe chini ya bakuli. Ni lugha nne kwa bakuli moja, na katika kila kivuko kuna kitu kinachoanguka majini. Cha kwanza kuanguka, karibu kila mara, ni jina la mti.

Muuzaji wa ufukweni hana shida hiyo. Tangu ndege za watalii zilipoanza kushusha Wajerumani kwa wingi Pwani ya Kenya, kuanzia Diani hadi kaskazini mwa Mombasa, wauza vinyago wamejifunza Kijerumani kwa sikio, na wengi wanakisema kwa ufasaha unaowashangaza wageni. Wao hawafasiri kutoka Kiingereza. Kitu kiko mkononi, mteja yuko mbele, na neno linatoka moja kwa moja kwenye mti kwenda kwa mtu. Mgeni akiuliza ni mbao gani, anapewa kinyago akishike, apime uzito wake. Mfasiri wa katalogi hana uzito wa kupima. Ana neno la Kiingereza tu, tena limeshakwanguliwa na kupigwa msasa mpaka halina nyuzi.

Lichukue neno "ebony". Katika katalogi za Kiingereza kila kinyago cheusi ni "ebony". Kamusi inampa mfasiri Ebenholz, naye anaandika Ebenholz na kuendelea na kazi. Lakini mti uliowafanya Wakamba na Wamakonde wajulikane ni mpingo, ambao wataalamu wa mimea huuita Dalbergia melanoxylon, na Ebenholz ya Wajerumani ni ya jenasi nyingine kabisa, Diospyros. Kijerumani kina jina la mpingo: Grenadill. Kila mpiga klarineti wa Ujerumani analijua, kwa sababu ala yake imetengenezwa kwa mti huo. Kwa hiyo mfasiri aliyeandika Ebenholz amepoteza mara mbili. Amekosea mti, na amemnyima mnunuzi habari ambayo ingemsisimua kuliko sifa zote za katalogi: kwamba kifaru huyu mezani na klarineti ya okestra ya mji wake vimetoka kwenye mti wa aina moja.

Kosa hilo lilikuja kuwa na gharama. Tarehe 2 Januari 2017 miti yote ya jenasi ya Dalbergia ambayo haikuwa bado kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili. Shehena ya kibiashara ya vinyago vya mpingo ikahitaji kibali. Baadaye masharti yalilegezwa, na kuanzia Novemba 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa shehena zikasamehewa. Afisa wa forodha anayesoma Ebenholz kwenye karatasi anatafuta mti mwingine katika orodha yake. Na kuna jambo ambalo kila mtu katika biashara hii analijua: vingine vyeusi havikuwa mpingo hata kidogo, bali mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Hapo "ebony" ilikuwa uongo tangu Kiingereza, na Kijerumani kiliupokea na kuupiga muhuri.

Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa. Wachongaji walipoumaliza karibu na kwao waliufuata mbali, na muhugu wa misitu ya Nairobi na Pwani nao ukaisha kwa mwendo huohuo. Ndipo katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la uhifadhi la WWF na washirika wake wakaanzisha kampeni ya kuwahimiza wachongaji watumie miti inayokua upesi mashambani: mwarobaini, mwembe, jakaranda. Kwa Kiingereza waliiita miti hiyo "good wood". Ni jina fupi na zuri, na kwa mfasiri wa Kijerumani ni shimo lililofunikwa majani. Gut Holz ni salamu ya wacheza mchezo wa kuangusha pini kwa tufe. Huitwa kwa sauti kubwa kabla ya kurusha, na vilabu vyao viko karibu kila mji wa Ujerumani. Mjerumani akiiona kwenye bakuli atadhani ni zawadi ya klabu. Kumbe lugha hiyohiyo ina msemo ambao ungefaa: mtu mwadilifu husemwa kuwa amechongwa kwa mti mzuri, aus gutem Holz geschnitzt. Mfasiri anayejua kwamba bakuli limechongwa kweli, na mti ni mzuri kweli, anaweza kuutumia kwa haki. Asiyejua atabaki na tufe na pini.

Neno ambalo mfasiri wa kutoka Afrika Mashariki angepaswa kulifurahia kuliko yote ni "sustainable". Kwa Kiingereza limechoka. Limepakwa kwenye kila kitu, kuanzia soksi hadi benki. Kwa Kijerumani ni nachhaltig, nalo lina kwao. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi mjini Freiberg katika Saxony, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu kilimo cha misitu. Tanuri za kuyeyushia madini zilikuwa zinakula miti kuliko msitu ulivyoweza kuota, na aliona siku inakuja ambapo fedha itabaki ardhini kwa kukosa kuni. Akaandika juu ya matumizi ya kudumu ya msitu, na katika maandishi hayo ndimo neno hilo lilipopata maana tunayoijua. Halikuzaliwa katika ofisi ya matangazo. Lilizaliwa kwa mtu aliyehesabu magogo akaogopa.

Hesabu yake ndiyo iliyofanywa Kenya miaka 280 baadaye, mpingo na muhugu ilipokuwa inapungua. Kwa hiyo kwenye bakuli la mwarobaini uliopandwa shambani, nachhaltig si pambo, ni neno lililorudi kwao. Kwenye kinyago cha muhugu uliokatwa kwa siri msituni, neno hilohilo ni tusi kwa Carlowitz na kwa msitu. Kiswahili kina endelevu, neno lililozoeleka kwenye ripoti za serikali na semina za hotelini. Linafaa, ila nalo linahitaji kushikishwa gogo.

Sheria ya Ulaya imeanza kuuliza maswali ambayo wafasiri walikuwa wanayakwepa. Tarehe 27 Juni 2024 mahakama ya juu ya Ujerumani katika mambo ya madai iliamua kesi ya kampuni ya peremende iliyojitangaza kwa neno klimaneutral, yaani bidhaa isiyoongeza joto la dunia. Mahakama ilisema neno lenye maana mbili kama hilo lazima lifafanuliwe kwenye tangazo lenyewe. Haitoshi kumtuma msomaji akatafute maelezo kwingine. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo nambari 825, linalopiga marufuku madai ya jumla ya mazingira yasiyo na uthibitisho, na tarehe iliyowekwa ya kuanza kulitumia ni 27 Septemba 2026. "Eco-friendly", ambayo kwa Kijerumani huandikwa umweltfreundlich, rafiki wa mazingira, ni mfano halisi wa dai hilo. Mfasiri akiliandika kwa kuwa Kiingereza kimeliandika, anamweka muuzaji pabaya. Kuna pa kukimbilia: taasisi ya FSC, inayotoa vyeti vya mbao duniani, ina makao yake Bonn tangu 2003. Cheti, jina la shamba, jina la mti: hivyo ndivyo vitu ambavyo Kijerumani cha sasa kinavidai.

Sasa lirudie bakuli lenyewe, maana ndani yake kuna mambo ambayo hakuna katalogi inayoyataja.

Gogo la mwarobaini hukatwa kwa msumeno kwa kipimo cha bakuli. Mchongaji hukaa chini, gogo kati ya miguu, akalishika kwa unyayo na kulichimba tumbo kwa tezo. Kila pigo linaondoa kibanzi chenye umbo la ukucha. Akifika karibu na ukuta anapunguza nguvu na kusikiliza, kwa sababu mti ukishakuwa mwembamba mlio wake hubadilika. Kisha huja patasi, kisha kisu, kisha msasa wa kukwaruza na msasa laini, na mara nyingi anayepiga msasa si yule aliyechonga. Mwisho ni mafuta au nta. Ukipitisha kidole ndani ya bakuli lililokamilika utasikia mawimbi madogo ambayo msasa haukuyamaliza. Hizo ni alama za tezo.

Kiingereza kinasema "handmade". Kijerumani kina maneno matatu au manne hapo, na kila moja linapeleka mahali pake. Handarbeit ni kazi ya mkono, lakini pia ndilo jina la kufuma na kushona, somo ambalo wasichana wengi wa Ujerumani walifundishwa shuleni. Handgemacht, iliyotengenezwa kwa mkono, utaiona hata kwenye pakiti ya tambi. Gedrechselt ni iliyozungushwa kwenye mashine ya kukereza, na bakuli la Wamunyu lililochimbwa kwa tezo halikukerezwa. Linalobaki ni handgeschnitzt, iliyochongwa kwa mkono. Ili kulichagua, mfasiri anahitaji kujua yale mawimbi ya ndani yanatoka wapi. Hakuna kamusi inayomwambia. Angempigia simu mtu mmoja uani, angeambiwa kwa dakika moja.

Halafu "food safe". Kwa Kiingereza ni maneno mawili mepesi. Kijerumani kina lebensmittelecht, na neno hilo lina uzito wa kisheria, kwa kuwa kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 1935 ya mwaka 2004 inasimamia kila kitu kinachogusana na chakula, kuanzia sufuria hadi kijiko cha mti. Bakuli lililopakwa rangi ya viatu halina ruhusa ya kubeba neno hilo, hata liwe zuri namna gani. Bakuli lililopakwa mafuta ya kula linaweza. Tofauti kati ya hayo mawili haionekani kwenye picha ya katalogi. Anaijua aliyeshika kitambaa.

Na "artisan" je? Kijerumani kinamwita Kunsthandwerker, mtu wa sanaa, wa mkono, wa kazi, yote katika neno moja. Ni heshima kubwa, na Kiswahili kinaitoa kwa silabi mbili tu: fundi. Ila katalogi ya Kiingereza hupenda kumweka fundi mmoja, peke yake, uso umekunjamana, jua linazama. Wamunyu kazi ni ya wengi: mkata gogo, mchongaji, wapiga msasa, wapaka mafuta, chama cha ushirika kinachopokea na kuuza. Wakamba waliojenga chama chao cha vinyago Changamwe, Mombasa, mwaka 1963 walielewa hilo kabla ya mtaalamu yeyote wa masoko. Tafsiri nzuri ya "artisan" ya Wamunyu iko katika wingi.

Hata neno la biashara yenyewe linastahili kutazamwa. Matangazo kwa Kijerumani ni Werbung, kutoka kitenzi werben, ambacho pia maana yake ni kumwendea mwanamke kwa nia ya kumwoa. Kutangaza ni kuposa. Mposaji huja na wazee, husema ukoo wake, hutaja alicho nacho, na akidanganya juu ya mifugo yake mambo hayo yatajulikana. Kiswahili kina misemo miwili inayobishana juu ya jambo hili. Mmoja unasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; mwingine, biashara ni matangazo. Waswahili wameishi na yote miwili kwa sababu kila mmoja una wakati wake. Mpingo uliong'arishwa ukiwa mkononi mwa mteja unajiuza. Ukiwa kwenye picha, maelfu ya kilomita kutoka Wamunyu, unahitaji mshenga, na mshenga huyo ni mfasiri.

Tofauti ya mtazamo inaonekana pia kwenye msamiati wa ofisini. Waingereza husema "customer loyalty", uaminifu wa mteja, kana kwamba ni tabia njema aliyozaliwa nayo. Wajerumani husema Kundenbindung, kumfunga mteja: wanasema wazi nani anafanya nini na kamba iko kwa nani. "Unique selling proposition" ni Alleinstellungsmerkmal, alama ya kusimama peke yako. Ni neno refu kama reli, lakini linauliza swali ambalo Kiingereza kinaliruka: iko wapi hiyo alama? Ionyeshe. Kwa kinyago cha Wamunyu jibu liko chini ya kidole.

Wapo Wajerumani wasiotaka kufasiri kabisa, na hao ni wengi katika kampuni za matangazo. Simu ya mkononi wanaiita Handy, neno ambalo Mwingereza hulitumia kwa kitu kinachofaa. Mbunifu wa mavazi Jil Sander alichanganya Kiingereza na Kijerumani katika mahojiano hadi chama cha watetezi wa lugha, Verein Deutsche Sprache, kikampa mwaka 1997 taji lake la kwanza la mchafuzi wa lugha. Mwaka 2003 kampuni ya Endmark ya Cologne iliwauliza Wajerumani wanaelewa nini katika kaulimbiu za Kiingereza walizokuwa wakizisikia kila siku. Kaulimbiu ya maduka ya manukato ya Douglas ilikuwa "Come in and find out", ingia ujionee. Kuna walioielewa kuwa wanaambiwa waingie kisha watafute njia ya kutokea. Mwaka uliofuata Douglas walianza kusema kwa Kijerumani kwamba wanayafanya maisha yawe mazuri zaidi.

Somo hilo Kenya ilishalipata, na huenda ililipata vizuri zaidi. Safaricom ilipoleta mkopo unaoziba pengo pale salio la M-Pesa linapopungua, mwaka 2019, haikuupa jina la benki la Kiingereza. Uliitwa Fuliza, kutoka kitenzi cha kuendelea mfululizo bila kukatika. Mkopo wa muda wa maongezi uliitwa Okoa Jahazi. Hakuna kamusi inayoweza kumtoa mtu kwenye istilahi ya kibenki hadi kwenye jahazi. Aliyebuni jina hilo aliwaza kwa Kiswahili tangu mwanzo, na mama wa kibanda cha mboga Wamunyu hakuhitaji kuelezwa. Mfano huo unamhusu moja kwa moja anayeandika kibandiko cha Kijerumani. Asianze na Kiingereza halafu atafute kinacholingana. Aanze na kitu, halafu amuulize Mjerumani kitu hicho huitwaje kwao.

Kuna pia suala la kumwita mteja, na hapa Kiingereza hakisaidii chochote, kwa kuwa "you" ni moja kwa mfalme na kwa mtoto. Kijerumani kina Sie ya heshima na du ya karibu. IKEA, kampuni ya Wasweden, iliamua kuwaita Wajerumani wote du, na kaulimbiu yake ya mwaka 2002 ilikuwa swali la du: bado unakaa tu, au tayari unaishi? Duka la vinyago likiiga hivyo linaweza kumkera bibi wa miaka 70 wa Leipzig anayemnunulia mjukuu wake twiga. Wamunyu jambo hili halihitaji semina. Mama mtu mzima huitwa mwaitu, mama yangu, hata na kijana asiyemjua, na bei huanza baada ya salamu. Mfasiri aliyekulia katika adabu hiyo ataandika Sie bila kuambiwa na mtu.

Limebaki neno gumu kuliko yote, "authentic", na pacha wake "tribal". La pili halifai kufasiriwa. Kijerumani kikilipokea kinatoa Stammeskunst, sanaa ya makabila, neno lenye harufu ya makabati ya majumba ya makumbusho ya enzi za ukoloni, na kinyago kilichochongwa na mwanachama wa ushirika mwenye kitabu cha risiti hakistahili kuingizwa humo. Tena vinyago vingi vya wapiganaji wa Kimaasai vimechongwa na Wakamba. Hakuna aibu katika hilo. Mchongaji huchonga anachokiona na kinachouzika. Ni kibandiko kinachosema "Maasai" ndicho kinachokosea.

Kwa "authentic" Kijerumani kina echt, halisi, na kina watu wanaolipigania neno hilo. Katika milima ya Erzgebirge, Saxony ileile ya Carlowitz, mafundi wa mbao hutengeneza wanajeshi wa kupasulia njugu, malaika na piramidi za Krismasi, na bidhaa za kuiga kutoka nje zimewasumbua kwa miaka. Mafundi hao hutumia alama yao ya pamoja, Echt Erzgebirge, halisi ya Erzgebirge. Alama hiyo haisemi "halisi" tu ikanyamaza. Inasema halisi ya wapi. Mnunuzi wa Ujerumani amezoea kuisoma hivyo, kwa hiyo anapokutana na echt afrikanisch, halisi ya Kiafrika, anasoma bara lenye nchi 54 na haoni mahali. Akisoma Wamunyu, ana mahali. Anaweza kupatafuta kwenye ramani, kati ya Machakos na Kitui.

Basi vyama vya ushirika na wauzaji wanaopeleka vinyago Ulaya wafanye jambo moja kabla ya kumtafuta mfasiri: kibandiko kiandikwe kwanza kwa Kiswahili, uani, na mtu aliyeshika kazi. Bakuli la mwarobaini. Limechongwa kwa tezo Wamunyu, Kenya. Limepakwa mafuta ya kula. Kutoka hapo Kijerumani kinakuja bila kusukumwa: Schale aus Niemholz, von Hand geschnitzt in Wamunyu, Kenia, mit Speiseöl behandelt. Yanaenea kwenye karatasi ya ukubwa wa kiberiti, na afisa wa forodha, hakimu na bibi wa Leipzig wakiuliza, kila neno lina mtu wa kulijibia. Anzeni na jina la mti.